Siku Kumi na Moja za Kufunga Mdomo Mbele ya Kasuku

Mangobo, Kisangani
Jumanne, baada ya mvua

Kwa yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa, huko nyumbani Butembo,

Ngoja nikusalimie kwanza kabla sijaanza kukasirika, maana nikianza sitapata nafasi tena. Hamjambo nyote? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado unavimba jioni au ile dawa ya majani imemsaidia? Mtoto wako wa mwisho amepona kikohozi? Na baridi ya huko, bado mnajifunika mablanketi mawili? Mimi blanketi nimelisahau. Hapa mtu anaamka ameshalowa jasho kabla hajafanya kosa lolote. Lakini mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, chakula napata, na homa imenishika mara moja tu tangu barua yangu iliyopita. Kinachonisumbua ni kasuku. Ndiyo, umesoma vizuri. Vita viko kila upande, njia imefungwa, na mdogo wako anakosa raha kwa sababu ya kasuku.

Utaona barua hii ni ndefu kuliko zile nyingine. Sababu yake ni kwamba leo ni siku ya kumi na moja sijatamka neno hata moja ndani ya nyumba ninamokaa. Wewe unayeujua mdomo wangu, cheka kwanza, nakungoja. Umemaliza? Bon. Maneno yote niliyoyameza siku hizi yamenijaa kifuani, na ni kwenye karatasi tu ninapoweza kuyamwaga bila kuharibu kitu.

Nilikuandikia kwamba nimepanga chumba cha mbele kwa Mama Zaina. Ni mjane, wa zile familia za Kiislamu za hapa ambazo mababu zao walikuja zamani na misafara ya biashara. Mama mpole, anasali sala zake zote, anapika lituma, ndizi za kuponda, ambayo ukiila huulizi tena habari za ugali. Nilipofika na magunia ya maharagi nilijua nakaa wiki mbili. Sasa ni mwaka wa pili. Nyinyi huko mnatawaliwa na watu wengine, sisi huku na wengine, msitu wa katikati umejaa bunduki, na ndege ina nafasi kwa wenye karatasi ambazo mimi sina. Kwa hiyo nilinunua friji kubwa ya mtu aliyekuwa anahama, nikaanza kuuza barafu na maji ya tangawizi. Haya yote unayajua. Usilojua ni habari ya nyaya.

Nyumba hii ndiyo pekee katika uwanja wetu yenye mita ya umeme inayofanya kazi. Na kwa desturi ya Mangobo, mwenye mita hali umeme peke yake. Kila jirani analeta waya wake, anaupitisha dirishani, anauchomeka sebuleni kwa Mama Zaina. Nimehesabu nyaya saba. Kuna wa friji yangu, kuna wa Tonton Bosco kinyozi, kuna wa mama anayepiga watu pasi, kuna wa mzee anayechaji betri za redio, na nyingine sijui hata zinaishia wapi. Zimelala sakafuni zimepishana kama mizizi, na nyingine zimeungwa katikati kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Ukitaka kwenda jikoni unainua miguu kama mtu anayevuka matope.

Na hakuna anayechomoa. Hilo ndilo linaloniua. Umeme hapa unatoka kwenye maporomoko ya Tshopo, lakini tangu yale majeshi mawili ya kigeni yapigane katikati ya mji na kutunyeshea mabomu, nguzo nyingi zilianguka na umeme unakuja unapotaka. Unaweza kukosekana siku tatu, halafu uje saa moja tu, uondoke. Ukiwa umechomoa, na umeme uje wakati uko sokoni, barafu yako haishiki. Basi watu wote wanaacha nyaya zimechomekwa usiku na mchana, wanangoja. Waya unakuwa mfu siku tatu, halafu ghafla uko hai, na kwa macho huwezi kujua tofauti.

Sasa katikati ya nyaya hizo weka kasuku wawili.

Mkubwa anaitwa Direkta, wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina alipewa na Salumu, mtoto wa pekee wa Mama Zaina, kwa sababu mabawa yake yamekatwa na haruki, anatembea tu sakafuni taratibu, kichwa upande, anakagua kila kitu na hakuna kinachomridhisha. Wa pili alikuwa jike mdogo, naye aliitwa Sekretari kwa sababu alimfuata Direkta popote alipokwenda. Salumu alikuwa anakwenda Opala kununua mchele, na huko ndiko alikompata Direkta akiwa kinda asiye na manyoya. Alimlisha uji wa ndizi kwa kidole mpaka akakua.

Mimi Salumu sijamwona hata siku moja. Wiki chache kabla sijafika alipanda mtumbwi kwenda Opala kama kawaida yake, halafu vita vikakaa katikati. Opala ikabaki upande mwingine. Hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona, hakuna aliyesikia habari zake kwenye phonie, ile redio ya kuitana. Ninachojua kwake ni sauti tu. Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba hii nilisikia kijana sebuleni anasema kwa furaha, kwa sauti ya kukwaruza kidogo, «Mama, nimerudi! Chakula iko?» Nikafunga kitenge haraka nikatoka kumsalimu mtoto wa nyumba. Sikukuta kijana. Nilimkuta Mama Zaina anakunja mkeka wake wa sala, na mbele yake Direkta amesimama juu ya kiti.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Mama Zaina akimaliza kusali anamwuliza ndege kama amelala salama, «Direkta, umelala aye?» Ndege anamjibu kwa sauti ya Salumu kwamba amerudi na anataka chakula. Naye anasema, «Chakula iko, mwanangu, karibu,» halafu anakwenda kuwasha jiko. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kumtia mtu uchungu bure. Baadaye nilielewa kwamba bila hilo jiko lisingewashwa.

Basi, nyaya. Kasuku wote wawili walikuwa wanazitafuna. Siku tatu bila umeme wanakaa chini wanachezea plastiki kwa midomo ile kama koleo, hakuna kinachowapata, wanajua hicho ni kitu chao. Nani atamweleza ndege kwamba waya wa Jumatatu si waya wa Alhamisi? Nilikuwa nawaona, nawafukuza kwa ufagio, naendelea na kazi zangu. Hapo nakiri kosa langu. Nilikuwa najali waya kuliko ndege.

Ilitokea mchana. Nilikuwa jikoni natwanga tangawizi. Nikasikia mtaa mzima unapiga kelele, «Oyee! Courant!», kama wanavyofanya kila umeme ukirudi, nami nikakimbia sebuleni kwa furaha kuangalia kama taa ya friji imewaka. Ilikuwa imewaka. Sekretari alikuwa amelala ubavu chini yake na waya bado uko mdomoni. Waya wenyewe ulikuwa wa friji yangu, si wa kinyozi wala wa mama wa pasi. Niliuvuta kutoka ukutani kwa nguvu mpaka tundu likatoa cheche. Ndege alikuwa bado na joto.

Mama Zaina alimfunga katika kipande cha mtandio wake wa zamani, akamzika nyuma ya jiko. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana, matusi ningeyajibu. Aliosha mikono, akaja akasimama mbele yangu, akasema, «Ile ya Salumu isikufe, Kavira. Ile ingine basi, ni mapenzi ya Mungu. Lakini ya Salumu isikufe.»

Kuanzia siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani.

Kwanza nilisema tumtie Direkta kizimbani. Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Mama Zaina alikataa kabisa. «Mutoto yangu bamemufungia njia,» akasema, «na mimi nifungie ndege yake?» Nikaacha habari ya kizimba.

Nikaenda kwa majirani kuwaomba wachomoe nyaya zao umeme usipokuwepo. Tonton Bosco alikuwa amekaa mlangoni kwake na mteja mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja tu, maana umeme ulikatika katikati ya kazi, na mteja huyo alikuwa anaungoja tangu juzi. Katika Mangobo utawakuta wanaume wa namna hiyo wengi tu, wanatembea wamevaa kofia kwenye jua kali.

«Nichomoe?» akaniuliza. «Na kama courant inakuja wakati niko kwenye kula? Huyu papa abakie vile mupaka Noeli?»

«Tonton, ndege atakufa.»

«Ma Kavira, ndege iko na miguu. Aende fasi ingine.»

Wengine walinijibu hivyo hivyo, kila mmoja na sababu yake. Mama wa pasi aliniambia kwamba kama naogopa sana niondoe wa kwangu. Nami niliuondoa siku mbili, barafu ikayeyuka, maji yakajaa chumbani, na Direkta akahamia kwenye waya wake yeye.

Ndipo nikapata akili yangu kubwa ya pilipili. Usicheke bado. Nilikumbuka tulivyopakwa pilipili vidoleni ili tuache kunyonya. Nikanunua pilipili kali sokoni, ile ndogo nyekundu, nikaitwanga na mafuta ya mawese, nikapaka nyaya zote saba kuanzia ukutani mpaka dirishani. Macho yalinitoka machozi, mikono iliniwaka siku nzima. Direkta alikuja, akainamisha kichwa, akaonja. Akaonja tena. Yaya, yule ndege alifumba macho kwa utamu! Akaufuata waya kwa mdomo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, analamba, anatafuna, hajawahi kuupenda waya namna hiyo maishani mwake. Nilimnyakua, akaniuma kidole, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Tonton Bosco aliangalia sakafu iliyojaa mawese, akanusa, akakaa chini kabisa kwa kicheko. «Ma Kavira! Unamupikia! Kasuku na pilipili, njo chakula yake! Batu ya huku banamupeaka pilipili juu aseme!»

Mimi mtu wa milimani ningejua wapi? Huko kwetu nani anafuga kasuku? Hapa hata mtoto mdogo anajua kwamba pilipili haimchomi, na kwamba mtu akitaka kasuku wake awe msemaji anampa pilipili nyingi. Nilikuwa nimemwandalia karamu kwenye kitu cha kumwua. Nilisugua nyaya zile kwa sabuni mpaka usiku ukaingia, na mtaa mzima ulikuwa na hadithi ya kusimulia juu ya mwanamke wa Butembo.

Nikazitundika juu kwa misumari. Akapanda pazia, akazifikia. Nikaondoa pazia, akapanda mlango. Nikazifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akaubandua mpira vipande vipande, akavipanga chini ya kiti. Nikaacha. Nikabaki na kitu kimoja ambacho Mungu alinipa kwa wingi, nacho ni sauti.

Nilikaa mlangoni na kazi yangu ya kufunga maji kwenye mifuko, jicho moja kwake. Kila alipoinamia waya nilipiga kelele aachane nao, «Acha fil! Utakufa!» Alikuwa anaogopa, anarudi nyuma hatua tatu, ananitazama. Baada ya muda anarudi. «Acha fil! Utakufa!» Asubuhi, mchana, jioni. Nikiwa nahudumia mteja, nikiwa nakula, nikiwa nasali rozari. Nadhani kwa siku nilisema mara mia, na kwa wiki kadhaa. Nilimlinda, Yaya. Usimwamini mtu atakayekwambia sikumlinda.

Mwishoni Tonton Bosco mwenyewe alinionea huruma, au alichoshwa na kelele zangu. Nyuma ya nyumba yake kuna mabomba ya chuma ya maji ambayo hayajatoa hata tone tangu vita vianze. Tukayang'oa, tukayakata kwa msumeno, tukapitisha kila waya ndani ya bomba lake, kutoka ukutani mpaka dirishani, mwisho wa bomba tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Pale kwenye matundu ya ukuta tukapigilia kisanduku cha mbao chenye mlango na kufuli. Kazi ya siku mbili. Direkta akaja kukagua. Akauma chuma, akauma tena, akakitazama kwa dharau, akaenda zake. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na Mama Zaina akatupikia mimi na Tonton Bosco samaki wabichi waliotoka Yanonge.

Kesho yake asubuhi nililala bila wasiwasi kwa mara ya kwanza. Nikamsikia Mama Zaina anakunja mkeka. Nikamsikia anauliza, «Direkta, umelala aye?»

Na ndege akajibu, «Acha fil! Utakufa!»

Ilikuwa sauti yangu mimi. Siyo kama ya kwangu, ilikuwa ya kwangu kabisa, na lafudhi yetu ya Butembo juu yake, na ile hasira ya mtu ambaye hajanywa chai. Kwanza nilicheka kitandani. Halafu nikangoja kusikia jiko linawashwa, na sikusikia kitu. Nilipotoka nilimkuta amesimama pale pale na mkeka mikononi. Akamwuliza tena, polepole, kama unavyomwuliza mtu mgonjwa. «Direkta. Umelala aye, papa?» Ndege akampigia kelele, «Utakufa! Utakufa!»

Hebu fikiria, mama anayengoja mtoto kutoka upande wa vita, kila alfajiri anauliza na anajibiwa hivyo.

Tulidhani itapita. Haikupita. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo. Sauti ya Salumu haikusikika tena hata mara moja, asubuhi wala jioni, hata alipopewa njugu. Nilikuwa nimeifunika kwa ya kwangu. Ningekuwa nimemwacha ndege afe, angalau angekufa akiwa bado na sauti ya mwenyewe. Samahani, Yaya, najua ni neno baya, lakini lilinijia na ninakuandikia jinsi lilivyo.

Mama Zaina aliwasha jiko akiwa amechelewa. Siku nyingine alisahau chumvi.

Basi nikaamua. Kama sauti yangu ndiyo iliyomharibu, niiondoe. Asiponisikia atanisahau, na akinisahau labda ile ya zamani itarudi juu. Ndiyo maana siku kumi na moja hizi sisemi ndani ya nyumba. Nauza barafu kwa vidole. Wateja wapya wanadhani nilizaliwa bubu na wananisikitikia, mmoja hata alikataa chenji yake. Mama wa kwaya parokiani amewaambia watu kwamba niko kwenye mfungo wa kuombea amani. Nikizidiwa nakimbia mpaka kwa Tonton Bosco, nasema kila kitu kwa mkupuo, halafu narudi. Anasema sasa ana kazi mbili, kunyoa na kunisikiliza, na zote mbili zinamchosha.

Na unajua ndege anafanya nini? Anaita! Kwa sababu hanisikii, ananitafuta. Anazunguka sebuleni, anasimama mlangoni kwangu, anapaza sauti yangu kuliko nilivyowahi kuipaza mwenyewe. «Acha fil! Utakufa!» mpaka mtaa wa tatu wanasikia. Nimekaa nimefunga mdomo, na mdomo wangu unatembea sakafuni peke yake unamtukana mwenye nyumba. Nimechoka, Yaya. Nimechoka na umeme usiokuja na umeme unaokuja, nimechoka na majirani, nimechoka na njia ambayo kila wiki wanasema inafunguliwa wiki ijayo. Kwa kweli nimechoka.

Ijumaa

Mtu aliyekuwa achukue barua hii hakusafiri, kwa hiyo imelala mezani siku tatu na sasa naiendeleza.

Juzi Mama Zaina aliniletea chai chumbani. Huwa haingii chumbani kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniangalia ninavyomjibu kwa mikono, akasema, «Acha ile. Sema. Nyumba yangu imeshakuwa kama ya kilio, na hakuna mutu amekufa.»

Nikanong'ona kwamba naogopa kumharibu zaidi.

«Kavira, sikia,» akasema. «Mimi nimejaribu. Wakati uko kwenye soko ninasimama mbele yake, ninamuambia ile maneno ya Salumu. Lakini inatoka sauti ya mama muzee. Ananitazama tu. Weye uko na sauti muzito. Na uliisikia miaka hii yote, unajua namna alikuwa anaisema. Weye ndiye ulimufundisha kuacha, alors umufundishe tena.»

Nilitaka kumwambia kwamba sijamsikia Salumu, nimemsikia kasuku tu. Nilitaka kumwambia kwamba nikimfundisha, itakuwa sauti ya mwanamke anayeiga ndege aliyemwiga kijana, na ya mwenyewe haitarudi. Yeye anajua hayo yote, si mtoto. Nilikunywa chai yake.

Jana alfajiri niliamka kabla hajamaliza sala. Umeme haukuwepo, tulikuwa na taa ya mafuta. Direkta alikuwa juu ya kiti, akaniona, akafungua mdomo kunipa salamu yangu, nikamtangulia. Niliteremsha sauti mpaka chini kabisa, nikaikwaruza kidogo, nikaweka na ile furaha ya mtu anayeingia ana njaa. «Mama, nimerudi! Chakula iko?»

Yaya, sikujua. Naapa sikujua kwamba maneno hayo ni mazito namna ile. Nimeyasikia kila siku karibu miaka miwili, nikayaona ni ya Salumu, ni ya nyumba ya watu. Sikuwahi kuyasema kwa mdomo wangu. Nilipoyasema nilishika kiti na ndege juu yake. Maana mimi nina mama, na nina mlango ambao ningeyasemea, na sijui ni lini.

Mama Zaina alikuwa ameshaingia jikoni. Hakutoka kuangalia ni nani. Alijibu kutoka huko huko, «Chakula iko, mwanangu, karibu,» na nikasikia kiberiti. Leo tumefanya tena. Direkta bado anasema yake, kwamba tutakufa. Sisi wawili ndio tunaosema yale mengine, na jiko linawaka mapema.

Nakomea hapo, maana aliyeahidi kuchukua barua amesema ndege inaondoka leo akipenda rubani. Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie aache kunicheka kwa ile pilipili, najua atacheka. Nisalimie kaka yetu Paluku na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sijambeba bado. Nisalimie mama mkubwa wa Lubero akiteremka sokoni, na katekista aliyetufundisha kusoma, mwambie mwandiko wangu umeharibika lakini bado unasomeka. Mama Zaina anawasalimu wote, anasema mumwombee, na yeye atawaombea kwa namna yake. Tonton Bosco naye anasalimu, ingawa hamjuani.

Na Mama. Najua utamsomea barua hii yote kwa sauti, kama kawaida, yeye amenyoosha mguu wake karibu na moto. Msomee habari za nyaya na majirani, atafurahi. Lakini ukifika kwenye maneno yale niliyomwambia ndege, simama kwanza. Mwambie polepole kwamba ni ya kasuku, na kwamba mimi bado niko Kisangani. Mwambie hivyo kabla hujayasoma, Yaya, asije akainuka na mguu ule kwenda kufungua mlango.

Mdogo wako anayekupenda,

Kavira